Kuhamia uandishi wa kiufundi: milango mitatu, na upi unakufaa

Nilifanya kazi maabara ya hospitali miaka tisa kabla sijaanza kulipwa kwa kuandika maelekezo. Tangu hapo, karibu kila mwezi napata ujumbe wa mtu anayetaka kuacha ualimu, unesi, benki au utangazaji aje huku, na swali huwa lilelile: nilipie kozi gani? Mimi humrudisha nyuma hatua moja. Uandishi wa kiufundi si kazi moja. Yuko anayeandika utaratibu wa kupima damu. Yuko anayeandika maelezo ya programu yatakayosomwa na wahandisi wa programu. Yuko anayeandika kwa Kiswahili ile karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la taa ya sola. Wote wanaitwa waandishi wa kiufundi, lakini wameingilia milango tofauti na shida zao ni tofauti, hata malipo yao hayakaribiani. Ukishajua mlango wako, suala la kozi linapungua uzito lenyewe.

Nimepitia mlango wa kwanza na wa pili, na sasa nusu ya muda wangu uko kwenye wa tatu. Kwa hiyo nina upande, na mtauona.

Mlango wa kwanza: hapohapo kazini kwako

Huu ndio watu wanaoupita bila kuuona. Kila taasisi inayotafuta ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kwamba inafikia viwango, ina njaa ya maandishi. Kiwango cha kimataifa cha ubora, ISO 9001, toleo la 2015, kinadai taasisi iwe na taarifa zilizoandikwa na kutunzwa. Maabara za tiba zina chao, ISO 15189. Mwaka 2009 mjini Kigali ulizinduliwa mpango wa mafunzo wa SLMTA, wa kuzisogeza maabara za nchi zetu kuelekea ithibati. Ukaguzi unaokwenda nao, SLIPTA wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kanda ya Afrika, hutoa nyota 0 hadi 5, na sehemu ya kwanza kabisa ya orodha ya mkaguzi ni nyaraka na kumbukumbu. Kabla hajaigusa mashine yoyote, anauliza: mmeandika nini?

Kazi hiyo ya kuandika, katika sehemu nyingi nilizoziona, hutupiwa mfanyakazi mgeni kuliko wote, au hunakiliwa kutoka hospitali jirani na kubadilishwa nembo. Ndipo nilipojifunzia.

Utaratibu wetu wa kuandaa plasma, yaani majimaji ya damu, ya kipimo cha kuganda kwa damu ulikuwa wa kunakili: weka kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha sampuli), zungusha kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, muda dakika 15. Kiingereza safi, muhuri, sahihi mbili. Majibu yakawa yanayumba, na kila aliyekuwa zamu alilaumiwa kwa wakati wake. Kilichonichukua wiki mbili kukigundua ni hiki: kinachotenganisha damu si idadi ya mizunguko peke yake, ni nguvu inayoisukuma sampuli, na nguvu hiyo inategemea pia urefu wa mkono wa mashine. Mkono wa sentimita 16 kwa mizunguko 3,000 unatoa nguvu ya takriban mara 1,600 ya mvutano wa dunia. Mkono wa sentimita 10, mizunguko ileile, unatoa kama 1,000 tu. Kipimo kile kinahitaji 1,500. Mashine yetu ilikuwa ndogo, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zilikuwa zinabaki kwenye plasma. Aliyeandika mwanzo hakukosea hata kidogo, kwa sababu alikuwa anaiandikia mashine yake.

Niliandika upya ukurasa mmoja. Juu nikaweka nguvu inayotakiwa, chini yake mizunguko ya kila mashine tuliyokuwa nayo kwa jina la chumba ilipo, na mwisho mstari mmoja unaosema plasma iliyo sawa inaonekanaje. Hakuna mhariri wa lugha ambaye angeliona kosa lile, hata awe hodari vipi. Angesahihisha koma na kuliacha. Aliyelijua ni mtu wa maabara.

Ndiyo maana nashikilia kwamba anayebadilisha kazi asiitupe ile ya zamani. Nesi anajua dozi huchanganywa saa ngapi za usiku na kwa mwanga gani. Fundi wa magari anajua boliti ipi haifunguki mpaka uondoe nyingine kwanza. Karani wa benki anajua fomu ambayo kila mteja huijaza vibaya kwenye kisanduku kilekile. Ujuzi huo haufundishwi kwenye kozi yoyote ya uandishi, na ndio unaokosekana kwenye miongozo mibovu.

Ubaya wa mlango huu nao nausema wazi. Nyaraka ni mali ya mwajiri, huwezi kumwonyesha mtu mwingine. Cheo hakibadiliki. Mimi niliandika taratibu zaidi ya 40 na mshahara haukusogea hata shilingi. Nilipoomba angalau barua inayotaja kazi hiyo, nikaambiwa ilikuwa sehemu ya majukumu yangu ya kawaida. Basi ukipita hapa, sambamba na za ofisini andika kurasa mbili tatu za vitu visivyo vya mtu: namna ya kutumia mashine ya kupimia presha nyumbani, namna ya kubadilisha mtungi wa gesi na kukagua kama unavuja. Hizo ndizo utakazobeba kwenye usaili.

Mlango wa pili: programu na mifumo ya kompyuta

Huu ndio unaotangazwa zaidi, na ndio watu huwa nao kichwani wanaponiuliza. Vifaa vyake vinafahamika: utaandika kwa Markdown (namna ya kupanga maandishi kwa alama rahisi), utatunza matoleo kwa Git, na utahitaji kuelewa API, yaani jinsi programu moja inavyoiomba nyingine taarifa na kupewa jibu. Hivi vyote mtu mwenye nidhamu anaweza kuvishika ndani ya miezi michache kwa saa moja au mbili za jioni. Kuna kozi za Google za uandishi wa kiufundi ambazo ni za bure, na jumuiya ya Write the Docs, iliyoanzia Portland, Marekani mwaka 2013, imepokea watu wengi waliotoka fani nyingine kabisa.

Uzuri mkubwa wa mlango huu ni kwamba unaponya udhaifu wa ule wa kwanza: kazi yako inaonekana hadharani. Miradi ya programu huria huacha nyaraka zake wazi. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliojengwa na Chuo Kikuu cha Oslo pamoja na washirika wake, unatumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. OpenMRS, ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ilianza mwaka 2004, na Eldoret ni miongoni mwa mahali ilipotumika mwanzoni kabisa. Mtu wa afya anayeijua mifumo hii kwa kuitumia anaweza kusahihisha ukurasa uliopitwa na wakati, na sahihisho hilo likabaki pale na jina lake. Mimi nilianza kwa kurekebisha picha za skrini zilizokuwa za toleo la zamani. Kazi ndogo, lakini aliyeniajiri mara ya kwanza aliifungua mbele yangu na kuuliza maswali juu yake.

Jambo moja linawachanganya wengi. Kuandika makala za kufundisha programu, zile ambazo kampuni humlipa kijana wa Nairobi au Lagos kwa kila makala, si sawa na kuandika nyaraka. Daniele Procida ana mpango anaouita Diátaxis unaogawa nyaraka katika mafungu manne: somo la kumshika anayeanza mkono, maelekezo ya kutimiza kazi fulani, marejeo ya kuangalia kitu haraka, na maelezo ya kwa nini mambo yako hivyo. Makala nyingi huchanganya yote manne. Mwandishi wa nyaraka analipwa kwa kuyatenganisha. Mhandisi anayeunganisha duka lake na malipo ya simu kupitia Daraja, API ya M-PESA ya Safaricom, iliyofunguliwa mwaka 2017, hana haja ya historia ya pesa za mtandao. Anataka kuona, mahali panapoonekana, kwamba namba ya simu ya mteja ianze na 254 na si 07. Mstari mmoja kama huo ukiwekwa ukurasa usio wake, unamla mtu mchana mzima.

Sasa upande wa pili. Kiingereza hapa hakina mjadala, na si kile cha insha; ni kifupi, kikavu, kisichojirudia. Watu wa ndege wana kiwango chao cha Kiingereza kilichorahisishwa, ASD-STE100, kinachokataza sentensi ya maelekezo kuzidi maneno 20. Waliofundishwa kwamba sentensi ndefu ndiyo usomi watateseka mwanzoni. Ushindani ni wa dunia nzima, na tangu mwishoni mwa 2022 kampuni kubwa za teknolojia zimepunguza watu, waandishi wakiwemo. Halafu kuna akili mnemba (AI). Marejeo yanayotokana moja kwa moja na programu yenyewe, mashine inayaandika kwa sekunde, na kazi za kunyoosha lugha tu, ambazo zamani zilikuwa ngazi ya mgeni, zimepungua mno. Inachoshindwa ni kujua kile ambacho hakijaandikwa popote, kama urefu wa mkono wa sentrifuji yangu.

Kuhusu pesa: mishahara mnayoisoma mtandaoni ni ya Marekani, ambako mshahara wa kati wa fani hii umekuwa ukicheza kwenye dola 80,000 na zaidi kwa mwaka. Usipange maisha yako kwa namba hiyo ukiwa Mwanza au Kisumu. Na kabla hujaandika neno la kwanza, uliza malipo yatakufikiaje. Kenya mtu anaweza kutoa pesa za PayPal kwenda M-PESA tangu 2018. Nchi nyingine zina masharti yake, na nimemwona mwenzangu amemaliza kazi ya miezi miwili ndipo anaanza kutafuta akaunti ya kupokelea.

Mlango wa tatu: maelekezo ya Kiswahili

Hapa moyo wangu upo, na ndipo ninapoona pengo kubwa kuliko kote.

Mwaka 2024 mita za umeme wa kulipia kabla, duniani kote, zilifikia kikomo cha saa zake za ndani. Zinahesabu dakika tangu Januari 1, 1993, na nafasi ya kuhesabia iliisha Novemba 24, 2024. Ili mita isikatae tokeni baada ya tarehe hiyo, mteja alitumiwa makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya moja. Kundi la kwanza na la pili ni ya kuifanyia mita marekebisho, la tatu ndilo umeme. Ukianza na la tatu, haipokei. Hebu fikiria: wakulima, wajane, wapangaji na wauza chipsi, kuanzia Kigoma hadi Lamu, kila mmoja na kidude chake mkononi, anasoma ujumbe wa simu na kuingiza tarakimu 60 kwa mpangilio. Niliona mtaani kwetu kijana mmoja akienda nyumba kwa nyumba kuwaingizia watu kwa 500. Nilikaa na mama yangu na ujumbe wake. Hakukwama kwenye tarakimu. Alikwama kwenye neno "kwanza": alidhani anaambiwa kwanza anunue umeme mwingine. Nikamwandikia kwenye karatasi "mstari wa juu, mstari wa kati, mstari wa chini", akamaliza peke yake.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na haitokani na tafsiri. Mfasiri mzuri hupokea sentensi iliyokwisha kufikiriwa kwa lugha nyingine. Mwandishi wa maelekezo anaanzia kwa mtu aliyeshika kifaa.

Chukua dawa. Kiingereza kinasema kimeze kila baada ya muda wa saa nane. Andika kwa haraka "kila saa 8", na mzungumzaji wa Kiswahili ana haki kabisa ya kusoma kwamba ni kila ifikapo saa nane, mchana na usiku, yaani mara mbili kwa siku badala ya tatu. Saa zetu zinaanza kuhesabiwa alfajiri, na mwandishi asiyelikumbuka hilo anapunguza dozi ya mtu bila kujua. Bora "asubuhi, alasiri, na kabla ya kulala", ikiwa dawa yenyewe inaruhusu, na hilo la kuruhusu lazima aulizwe mfamasia.

Au chukua kitendo kidogo kuliko vyote. Kitufe cha simu ya kitochi tunakibonyeza. Kwa kipanya cha kompyuta tunabofya. Kioo cha simu janja tunakigusa. Miongozo mingi huandika "bonyeza" kote, na nimeshuhudia mzee akikandamiza kioo kwa kidole gumba mpaka kinabadilika rangi. Neno kishikwambi (tablet) lilikuwa la kamusini mpaka Sensa ya Agosti 2022 ilipolipeleka kwa makarani nchi nzima. Leo naliandika Tanzania bila wasiwasi, lakini kwa msomaji wa Mombasa nafikiri mara mbili. Tanzania tunasema namba, Kenya nambari. Wengine husema akili mnemba, wengine akili unde. Mwongozo mmoja wa Afrika Mashariki yote unawezekana, ila kwa kupima maneno nchi kwa nchi. Ukiona shirika linataka "toleo moja la Kiswahili" kwa wiki moja, mwambie mapema.

Udhaifu wa mlango huu ni malipo. Wengi wanaohitaji kazi hii hawajui kwamba ipo, hivyo wanaiita tafsiri na kulipa kwa neno. Malipo ya neno yanamwadhibu mwandishi bora: nikifupisha kurasa sita ziwe mbili zinazoeleweka, nimejikata mshahara. Mimi sasa nadai bei ya kazi nzima, na ndani yake naweka siku za kupima na watumiaji wasiopungua watano. Nusu ya wateja hukataa. Wanaobaki hurudi. Wateja wenyewe ni kampuni za sola na za simu, miradi ya kilimo, mashirika ya afya. Nafasi zao mara chache hutangazwa kwa jina la "mwandishi wa kiufundi", hivyo utalazimika kwenda na mwongozo wao uliopo, ukiwa umeandika upya ukurasa mmoja, na kuwaonyesha tofauti.

Milango ikiwekwa sako kwa bako

Kwa kasi ya kuanza, hakuna kinachoushinda wa kwanza. Unaweza kuanza Jumatatu. Kwa pesa, wa pili, ukishaingia, na kuingia kwenyewe kunaweza kula mwaka au zaidi. Kwa uwezekano wa mashine kukuchukulia kazi, wa pili ndio ulio hatarini zaidi, wa kwanza kidogo, na wa tatu kidogo pia mradi unaenda kukaa na watumiaji. Ukikaa mezani na kugeuza maneno tu, uko hatarini kuliko wote. Kwa Kiingereza, wa pili unakidai kila saa, wa kwanza inategemea taasisi, wa tatu unakihitaji kwa kumwelewa mteja.

Cheti cha kulipia nakiweka mwisho. Chama kikubwa cha fani hii Marekani, STC, kilichokuwepo tangu miaka ya 1950 na kilichokuwa kikitoa cheti chake, kilifunga milango Januari 2025. Waliokuwa na kazi za kuonyesha hawakupoteza kitu. Kama mwajiri wako analipa, soma; kama ni akiba yako ya ada ya mtoto, usiiguse.

Mwalimu, ningekupeleka wa tatu, kwa sababu unajua uso wa mtu ambaye hajaelewa lakini anaitikia. Nesi, fundi, mtu wa kiwandani: wa kwanza, kisha hamia wa pili kupitia mifumo ya fani yako. Mhandisi wa programu, wa pili ni wako tayari, na kazi yako ni kujizuia kueleza kila unachojua. Mwanahabari, una kipaji cha kuuliza ambacho fani hii inakihitaji sana, na itakugharimu kuacha utangulizi wa kuvutia; msomaji wetu amekuja kwa sababu kitu kimekwama. Mfasiri, anza na wa tatu, lakini kwanza acha kudai kwa neno.

Kabla ya barua ya kuacha kazi, fanya jaribio hili. Chagua kitu kimoja unachokijua, andika ukurasa mmoja, mpe mtu asiyekijua, kaa pembeni yake na ufunge mdomo. Usimsaidie. Weka alama kila aliposimama. Andika upya, tafuta mtu mwingine, rudia. Kisha mtu wa tatu. Kama raundi ya tatu bado unaisubiri kwa hamu, una dalili nzuri kuliko cheti chochote. Kama kimya kile kimekukera na umewaona hao watu kuwa wagumu wa kuelewa, baki ulipo. Utateseka huku, na watakaokusoma watateseka zaidi.

Mimi nilifanya kazi ya maabara na ya kuandika pamoja kwa miezi 14. Zamu za usiku niliziacha pale mikataba miwili ilipolipa kwa tarehe, miezi mitatu mfululizo.